Giaboksi ya Kwadi Haijafa: Fungua Kifuniko cha Belti Kwanza

Kila msimu wa likizo, pikipiki za magurudumu manne, ambazo watu wa Nairobi wengi huziita kwadi, hutolewa stoo na kupelekwa Kitengela, Ngong, Magadi na Naivasha. Likizo ikiisha, maswali huanza. Injini inanguruma lakini chombo hakiendi. Kuna harufu ya mpira ulioungua. Gia inagoma kuingia. Majibu nayo hayakawii: mmoja atasema giaboksi imekufa, wa pili atashauri uongeze yale mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, na wa tatu anamjua mtu huko Grogan, kwenye soko la spea za mitumba, mwenye giaboksi nzima ya kuuza.

Mara nyingi wote watatu wamekosea, na kosa lao ni moja. Wanaizungumzia kwadi kana kwamba ni gari dogo la mjini. Otomatiki ya kwadi nyingi haifanani na ya gari, na sehemu inayoharibika mara kwa mara haipo hata ndani ya giaboksi. Ipo nje yake, kwenye kisanduku cha plastiki ubavuni mwa injini, na kukifungua ni kazi ya spana za kawaida.

Ukitaka kuielewa, simama mlangoni pa kinu cha posho chochote pale Kawangware au Kayole. Mota ina puli, kinu kina puli, na kati yao kuna belti za mpira zenye umbo la V. Fundi akifunga puli ndogo kwenye mota na kubwa kwenye kinu, kinu kitazunguka polepole lakini kwa nguvu. Akizibadilisha, kitazunguka kwa kasi na nguvu itapungua. Sasa chukulia kwamba puli hizo zinaweza kunenepa na kukonda zenyewe huku mashine inaendelea kusaga, bila mtu kuzima wala kufungua nati. Hiyo ndiyo CVT, yaani mfumo unaobadilisha uwiano wa mwendo bila ngazi za gia, na ndiyo otomatiki ya kwadi nyingi zinazouzwa leo.

Kila puli ina sahani mbili za mshazari zinazotazamana. Sahani zikisogeleana, belti husukumwa hadi ukingoni na puli huwa kubwa. Zikiachana, belti huzama katikati na puli huwa ndogo. Puli ya kwanza imefungwa kwenye injini, na ndani yake mna springi na vizito vidogo. Pikipiki ndogo za aina ya skuta hutumia rola mahali pa vizito hivyo. Injini ikizunguka taratibu, springi huziachanisha sahani. Ukibonyeza mafuta kwa kidole gumba, vizito hurushwa nje na mzunguko, sahani hubana belti, na kwadi huondoka. Puli ya pili iko upande wa giaboksi nayo hufanya kinyume: springi yake huifunga, na belti ikivutwa kwa nguvu zaidi huilazimisha ifunguke. Puli hii ina kijia cha mshazari kinachohisi mzigo. Mlima ukizidi, hubana belti zaidi na kuirudisha kwenye uwiano wa nguvu. Hakuna kompyuta inayoamua hayo. Wanaoamua ni springi na vizito, na ndiyo maana ni muhimu sana viwe sawasawa.

Nyuma ya puli ya pili ndipo giaboksi yenyewe inapoanza. Ile fito unayoisukuma kwenda H (mwendo wa kawaida), L (polepole kwa nguvu), N (huru), R (kurudi nyuma) au P (kuegesha) inahamisha meno ya chuma yaliyomo humo, ndani ya oili. Giaboksi hiyo haina otomatiki yoyote. Ni chuma kinachoingia kwenye chuma, na huwa ngumu kufa kuliko watu wanavyodhani.

Utaratibu huu wa belti si mgeni. Kampuni ya DAF ya Uholanzi iliuweka kwenye gari lake dogo la DAF 600 mwaka 1958, na Polaris ya Marekani ikautumia kwenye kwadi yake ya kwanza, Trail Boss ya 1985. Kilichotuchanganya huku kwetu ni magari ya mitumba kutoka Japani. Vitz, Note na Fit nyingi zina CVT pia, lakini belti ya CVT hizo ni ya chuma na inafanya kazi ikiwa imelowa oili maalumu. Ya kwadi ni ya mpira uliotiwa nyuzi ngumu, na lazima iwe kavu kabisa. Ushauri unaoliponya gari ndio unaoiua kwadi. Tone la oili kwenye puli linatosha kuifanya belti iteleze, na belti inayoteleza huungua. Kwa hiyo usiweke grisi kwenye sahani za puli, usitie mafuta mekundu kwenye kisanduku cha belti, wala usipulizie dawa ya kuzuia belti ya gari isilie. Belti ya kwadi ikilia inakuambia jambo, na ukiinyamazisha hutakuwa umetengeneza chochote.

Kabla hujafungua chochote, jua una kwadi ya aina gani. Si zote zina belti. Honda kwa miaka mingi imeenda njia yake: baadhi ya Rancher na Foreman zina klachi mbili zinazopokezana gia, Rubicon za zamani zilitumia hidroliki, na Rincon ina konveta ya oili kama ya gari. Hizo hazina kisanduku cha belti, na mengi ya makala haya hayazihusu. Halafu kuna zile kwadi ndogo za Kichina za watoto, zenye injini ya sisi (cc) 110 hivi, ambazo klachi yake inajishika yenyewe injini ikizunguka kasi. Klachi hiyo huogelea kwenye oili ya injini. Ukiijaza oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, klachi itateleza hata ikiwa mpya. Tafuta oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA kwenye kopo. Ni kosa dogo linalowafanya watu wanunue klachi wasiyoihitaji.

Je, ni belti au ni giaboksi?

Hili ndilo swali la pesa, na unaweza kulijibu nyumbani kwa nusu saa.

Anza kwa kuijaribu kila gia. Kwadi ikikataa kuvuta kwenye H, L na R sawasawa, shuku belti na puli, kwa kuwa nguvu zote hupitia hapo kabla ya kufika kwenye gia yoyote. Ikivuta vizuri kwenye L na R lakini ikatoka au kugonga kwenye H peke yake, sasa shuku giaboksi, au kebo na fito zinazoipeleka gia. Kabla ya kulaumu meno, kagua fito. Fito iliyolegea inaweza kuiacha gia nusu ndani, nusu nje, na mlio wake unatisha kama wa chuma kinachovunjika.

Kisha zima injini, inua magurudumu ya nyuma juu ya mawe au jeki imara, fungua kifuniko cha belti, weka gia H na uizungushe puli ya pili kwa mkono. Magurudumu yakizunguka, njia yote kutoka puli hadi tairi imeungana na tatizo liko kwenye belti au puli ya injini. Puli ikizunguka na magurudumu yakabaki kimya, hapo kuna kilichokatika upande wa nyuma. Hata hivyo usiseme ni giaboksi bado. Angalia shafti, angalia mnyororo kama kwadi yako ni ya mnyororo, na angalia meno ya ndani ya habu ya gurudumu. Habu iliyokula meno yake hudanganya vizuri sana: injini inafanya kazi, giaboksi inazunguka, na tairi haina habari. Spea hiyo ni ndogo ukilinganisha na giaboksi, na nashuku kwamba giaboksi kadhaa zilizobadilishwa mjini humu hazikuwa na kosa lolote.

Jaribio lingine ni P. Weka P, injini ikiwa imezimwa, na uisukume. Haipaswi kwenda. Ikienda, kosa liko kwenye fito, ndani ya giaboksi au kwenye shafti, mnyororo na habu zilizo nyuma yake, wala belti haihusiki.

Usiwashe injini huku kifuniko kimetolewa ili uone kinachotokea. Belti ikikatika kwa kasi hurusha vipande, na kifuniko kile kipo pia kwa ajili ya miguu yako.

Kuisoma belti

Toa belti uiangalie mchana, kwenye mwanga wa jua. Karibu kila kosa huacha alama yake, na fundi mzuri huisoma alama hiyo kabla ya kufungua pochi ya mteja.

Ikiwa mbavu za belti zinang'aa kama zimepakwa vanishi, imekuwa ikiteleza. Ama maji yaliingia, ama kuna mafuta kwenye sahani, ama imechakaa na kuwa nyembamba hadi puli hazifiki kuibana. Mwongozo wa kila kwadi hutaja upana wa chini unaokubalika, kwa hiyo ipime kwa kalipa badala ya kukisia kwa jicho. Ikiwa kuna sehemu moja tu iliyolika, ikawa na kiuno, kwadi ililazimishwa kuondoka huku imekwama, puli ikazunguka na belti imesimama. Hiyo ndiyo sababu ya ule mlio wa kugonga unaousikia, pu, pu, pu, unapoanza kuondoka polepole. Sehemu hiyo haitajaa tena. Kingo zilizochanika nyuzi kwa upande mmoja huonyesha kwamba puli mbili hazijapangana sawa, mara nyingi kwa sababu mpira unaoshikilia injini umelegea au beringi imekwisha. Ukitia belti mpya bila kurekebisha hilo, itachanika vivyo hivyo.

Iliyokatika kabisa ina kazi zaidi, na hapa ndipo mafundi wa haraka huwaponza wateja. Nyuzi za belti hujizungushia kwenye shafti, nyuma ya puli, na kukata sili ya mafuta. Usipozitoa zote, baada ya siku chache sili itavuja, oili itafika kwenye belti mpya, na utaambiwa belti uliyonunua ilikuwa feki. Ondoa puli zote mbili na utafute kila uzi. Ikiwa kuna umajimaji wowote karibu na shafti, badilisha sili kabla ya kufunga.

Kwenye puli ya injini, toa vizito au rola uzione moja moja. Rola lazima iwe duara kamili. Iliyobanduka upande mmoja hukwama badala ya kubingirika, na kwadi huruka ruka inapobadilisha mwendo. Kagua pia vipande vya plastiki vinavyoteleza pembeni. Sahani za puli zisuguliwe kwa kitambaa kikavu na dawa ya kusafishia breki, isiyoacha mafuta, na pale penye mng'aro wa mpira ulioungua tumia msasa laini kidogo. Pulizia vumbi kwa hewa ukiwa umevaa barakoa.

Mwinuko wa Nairobi, jambo ambalo hakuna anayelitaja

Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo hapa mjini imepoteza karibu sehemu moja ya sita kabla hujaiwasha. Kwenye kilele cha Ngong, kinachokaribia mita 2,460, hupungua zaidi. Kwadi za kisasa zenye kompyuta ya mafuta hurekebisha mchanganyiko wa petroli, lakini hewa ambayo haipo haiwezi kurudishwa na kompyuta.

Hili linaihusu vipi belti? Vizito vya puli vilichaguliwa kiwandani vilingane na nguvu ya injini. Injini ikidhoofika na vizito vikabaki vile vile, puli hufunga mapema mno, kama dereva anayetia gia ya tano kwenye mlima. Dalili zake ni kinyume cha zile za kuteleza. Belti ikiteleza, injini hulia juu na kwadi haiendi. Vizito vikiwa vizito kupita kiasi, injini hainyanyuki. Inakoroma chini, imebanwa, na kwadi inatambaa. Watu husema haina nguvu, wanafungua kabureta, wanabadilisha plagi, wanaishia kuvunja injini nzima. Polaris, kwa mfano, huweka kwenye miongozo yake jedwali la vizito na springi kwa mwinuko, na mpaka kati ya nyanda za chini na za juu huwa mita 1,500 au 1,800 kutegemea muundo. Nairobi iko pale pale mpakani. Kwadi iliyonunuliwa kwa mtu wa Pwani na kuletwa Limuru huenda inahitaji vizito vyepesi zaidi tu.

Ukihamisha kwadi kwenda Magadi, kulikoteremka hadi kama mita 600, nguvu hurudi na vizito vile vyepesi vitaiacha injini ipige kelele kupita kiasi. Hakuna seti moja inayofaa kila mahali. Kwa mtu anayeizungusha kote, seti ya mwinuko wa kati inatosha, na mimi nisingepoteza usingizi kwa hilo.

L ipo kwa sababu

Kuna imani kwamba kwadi ikiwa ya otomatiki, gia L ni ya watu waoga. La hasha. Miongozo ya Polaris hushauri utumie L unapokwenda chini ya kilomita 11 kwa saa, unapovuta mzigo au kupanda mlima mkali. Sababu yake ni joto. Puli ya pili hupozwa na hewa inayovutwa na mapezi yaliyo kwenye puli zenyewe. Kwadi inayotambaa kwenye H huku imebebeshwa maji ya ng'ombe haizungushi puli vya kutosha kujipoza, na mpira hupikwa taratibu. Anayevuta trela shambani Kajiado kwenye H kila siku atanunua belti mara kwa mara na kuilaumu China.

Kwa upande mwingine, usibadilishe gia kati ya H, L na R kwadi ikiwa inakwenda. Otomatiki hiyo iko kwenye puli. Meno ya giaboksi hayajui kwamba unaendesha otomatiki. Simama kabisa, acha injini itulie, kisha badilisha. Ikigoma kuingia ukiwa umesimama, angalia kwanza kama injini inazunguka kasi kupita kiasi ikiwa haijabonyezwa mafuta. Mzunguko huo ukizidi, puli huanza kuibana belti, giaboksi haitulii, na gia hugonga. Wakati mwingine kwadi hata hutambaa yenyewe ukiachia breki. Dawa ni kurekebisha mzunguko, si kuvunja giaboksi.

Halafu matope. Ule udongo mweusi wa Kitengela na Athi River, mvua ikinyesha, hushika tairi kama saruji mbichi, na dereva hubonyeza mafuta zaidi badala ya kutia L na gia ya magurudumu manne. Dakika moja ya hivyo inatosha kuiachia belti kile kiuno tulichokisema. Maji nayo huingia kupitia bomba la hewa la kisanduku. Ukivuka kijito na belti ikaanza kuteleza, simama, fungua kizibo cha chini ya kisanduku maji yamwagike, weka N, na uinyanyue injini mara kadhaa ili puli zirushe yaliyobaki. Ondoka polepole kwenye L. Anayeosha kwadi kwa mashine ya maji ya nguvu, asielekeze maji kwenye bomba hilo.

Kununua na kufunga

Belti za kwadi huandikwa namba. Kwenye kwadi nyingi za Kichina za sisi 150 zenye injini ya GY6 utaona 842-20-30: urefu wa milimita 842, upana wa milimita 20 na mshazari wa digrii 30. Injini fupi za aina hiyo hutumia 743-20-30. Nenda kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road na namba, wala si na picha ya simu. Belti yenye upana sawa lakini mshazari tofauti hushika kwenye mistari miwili tu na huisha haraka. Kwa Polaris, Can-Am, Yamaha au CFMoto, agiza kwa namba ya spea ya mwaka wa kwadi yako, maana miaka inayofuatana inaweza kutofautiana.

Belti nyingi huwa na mshale wa mwelekeo, ufuate. Shika belti kwa mikono safi. Usiilazimishe kwa bisibisi kuvuka ukingo wa puli, kwani nyuzi za ndani hukatika bila wewe kuona. Fungua puli ya pili kwa bolti au kifaa chake, ingiza, zungusha hadi belti ikae juu. Nati ya puli ikazwe kwa spana ya kipimo kama mwongozo usemavyo. Rudisha mpira wa kuzuia maji kwenye kifuniko, na kama umepasuka nunua mwingine. Kilomita 50 za kwanza uendeshe taratibu, bila mzigo, ili mpira ujizoeshe kwenye sahani.

Giaboksi nazo huharibika, bila shaka. Mwaga oili yake kwenye chombo safi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, pengine kupitia bomba la kupumulia lililozamishwa mtoni. Ibadilishe mara mbili kabla hujafikiria kingine. Sumaku ya nati ya kumwagia ikiwa na ujiuji laini wa kijivu, hilo ni la kawaida. Ikiwa na vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, hapo ndipo fundi ana haki ya kusema giaboksi ifunguliwe, na wewe una haki ya kuomba uonyeshwe gia iliyovunjika kabla ya kulipia nyingine.